Picha Isiyopakwa Rangi

Mama yangu wa Gulwe, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini nisingeweza kuanza bila hiyo. Ungenisuta. Ungesema nimezoea ofisi za Mtumba mpaka adabu nimeiacha getini kwa walinzi.

Nakuandikia nikiwa kwangu Nkuhungu, mchana wa Ijumaa, nimeomba ruhusa kazini. Hapa kwenye kochi kuna picha mbili za fremu nimezifunga pamoja kwa kanga yako ya kijani. Kesho asubuhi nakuja nazo. Umetimia mwaka, mama. Kutakuwa na ibada ya kumbukumbu, kaka ataweka msalaba wa saruji kaburini, halafu wenzako wa kanisani wataingia sebuleni kwako kula. Ukutani juu ya redio kuna msumari mtupu, na mpaka dakika hii sijui nitatundika picha ipi. Nimeshainuka hapa nikakaa, nikainuka tena. Nimechemsha chai, imepoa, imefanya utando, bado ipo. Nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Ndiyo maana nikaona nikuandikie, labda mikono itatulia.

Acha nianzie mbali.

Unakumbuka siku nilipoileta darubini Gulwe? Ulidhani ni bomba la kuunganisha tangi la maji, ukamwambia kaka akashike upande wa pili. Nilipokueleza kuwa ni ya kupigia picha nyota, ulinitazama kwa huruma ile uliyokuwa ukimtazamia mtu aliyerudi kutoka mjini amekonda. "Nyota za Dodoma zimekwisha?" uliniuliza. Hazijaisha, nikakwambia, ila taa za mji zinazifuta. Huku kwenu kiangazi anga ni jeusi kweli, na ile sehemu ya kundi la nyota la Kausi, karibu na mkia wa Nge, inapita juu kabisa ya paa lako. Ukasema sawa, ila nikiliwa na fisi usiulizwe.

Ukalala zako. Asubuhi ulinikuta nimekaa na kompyuta mapajani, blanketi begani, ukaja na uji wa uwele ukachungulia. Kwenye kioo kulikuwa na weusi mtupu. Ukasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Halafu ukasema, "Debora, yaani umekesha kwa ajili ya giza?"

Nilicheka mpaka nikamwaga uji. Lakini lilikuwa swali zuri. Ndivyo picha hizi zinavyoanza, mama. Unapiga nyingi za kitu kilekile, kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine, na ukimaliza unaona giza. Mwanga umo, ila umejikunyata chini kabisa ambako macho hayafiki. Kazi yangu ni kuuvuta juu, polepole, bila kuuchana. Nikauvuta mbele yako. Kwanza zikatokea nyota. Halafu katikati likaja wingu, hafifu, lenye mifereji mitatu myeusi inayoligawa. Ndiyo nebula ile wenyewe wanaiita Trifid, gesi na vumbi, mahali nyota zinapozaliwa. Uliweka kikombe chini.

Swali lako la pili ndilo lililonifunga mpaka leo. "Hilo wingu, ndivyo Mungu alivyoliumba au ndivyo wewe ulivyolipaka?"

Nikakueleza kuhusu kuvuta mwanga. Ukalielewa hilo upesi, ukasema ni sawa na kufungua dirisha, vitu vilikuwemo chumbani tangu mwanzo. Lakini nilipokuonyesha sehemu ya programu inayobadilisha rangi, ambayo watu wengine huisogeza huku na huko mpaka wapate inayowapendeza, ulikasirika. Nami nikajua hasira ile inatoka wapi. Ilitoka kwenye picha ya harusi yako.

Ile picha uliyoificha nyuma ya kabati. Mliipigia mjini, wewe na baba, ikiwa nyeusi na nyeupe, na mpiga picha kwa wema wake akachukua brashi akakupaka mashavu pinki na midomo myekundu. Ulikuwa ukituambia, "Huyu baba yenu ndiye. Huyu wa pembeni simjui, ni mwanasesere." Hukuwahi kuitundika. Uliishi miaka yote ya ndoa yako bila picha ya harusi ukutani kwa sababu ya brashi ya mtu mmoja.

Basi ukanipa sheria, umesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Kuvuta ruhusa. Kupaka hapana." Nikaiandika kwa kalamu nene nikaibandika kwenye kompyuta, na ipo mpaka leo, imechakaa kwenye kona.

Sasa mashuka. Hapa ndipo mambo yanapoanza kunikaba.

Wasiokujua waambiwe kuwa mama yangu alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni, tangu enzi za treni zilizojaa hadi siku magoti yalipomkatalia. Mabonde ya Gulwe vumbi lake ni jekundu na linaingia popote, lakini mashuka ya mama yalikuwa yakining'inia kwenye kamba meupe mpaka abiria wanatoa vichwa dirishani. Ulijivunia hayo kuliko watoto wako, usikatae. Siri haikuwa siri: bluu ya kufulia. Kile kidonge kidogo unachokifunga kwenye kitambaa, unakichovya kwenye beseni la mwisho la kusuuzia, unakoroga kwa mkono, unatazama maji, unanyamaza, unachovya tena kidogo. Nguo nyeupe ikipita pale inatoka nyeupe zaidi. Sikuwahi kuona unapima kwa chochote.

Na vumbi hilohilo lilikuwa likiingia kwenye darubini yangu. Kila punje inayotua kwenye kioo inaacha kivuli kama pete kwenye picha. Dawa yake ni kupiga picha ya weupe mtupu: unafunika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe, unaweka mwanga juu yake, unapiga. Kompyuta inaitazama picha hiyo tupu na kujifunza kasoro za kioo, kisha inazitoa kwenye picha ya anga. Nikakuomba, "Mama, nipatie kitu cheupe kuliko vyote ulivyonavyo."

Masikini mama. Ulivyosimama! Ulifungua sanduku ukatoa shuka lililokunjwa mara nyingi, unalilinda kwa ajili ya askofu akija, na askofu hajawahi kuja. Ukalishika mwenyewe juu ya mdomo wa darubini, umelivuta likakaza, mimi nikalifunga kwa mpira wa baiskeli. Nikaweka kishikwambi changu juu, kioo chake kimewaka cheupe. Ukaniuliza, "Sasa hapo unapiga picha ya nini?" Nikasema, "Ya shuka lako." Ukacheka, ukasema kati ya vyote duniani nimeona hilo tu la kupiga. Kila nilipokuja, kiangazi baada ya kiangazi, tuliifanya kazi hiyo asubuhi, wewe na shuka, mimi na mpira. Ulilifua kila baada ya safari yangu, na kulitia bluu.

Picha ikakamilika. Mama, unakumbuka wekundu wake? Ulikuwa mzito, wa kutulia, unaelekea udongo. Upande mmoja wa wingu kulikuwa na kipande cha kijivu, hakina la kusema. Ulipoiona imechapishwa ulishika kidevu. "Kumbe na huko juu kuna udongo wa kwetu," ulisema. Ukaniuliza tena, ukinikazia macho, kama imetiwa kitu. Nikakujibu haijatiwa kitu, na nilikuwa nasema kweli ninayoijua. Ukaitundika siku hiyohiyo, juu ya redio, mahali ambapo picha ya harusi ingekaa.

Halafu ile Jumapili. Akina mama wamejaa sebuleni, chai inazunguka, na Mama Yoeli, ambaye hajawahi kuona kitu akakiacha kipite, akaitazama akasema, "Hizi siku hizi wanapaka kwenye kompyuta. Hata mjukuu wangu alinipaka masikio ya paka kwenye simu." Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulisimama katikati ya sebule na birika mkononi.

"Hii haijapakwa. Nilikuwepo mwenyewe, shuka langu nilishika kwa mikono hii. Atakayenionyesha kilichotiwa humu, nitamfulia mashuka yake mpaka nife."

Mama Yoeli akasema, "Basi yaishe, shoga," akaomba sukari.

Mwaka jana ukaondoka. Sitaki kuyarudia ya hospitali, wote tunayajua, na wewe unayajua kutuzidi. Nasema tu kwamba nilikaa muda mrefu bila kugusa darubini. Juni hii nikasema hapana, kumbukumbu inakuja, nitakusanya mwanga zaidi wa nebula ileile niuongeze kwenye ule wa zamani, niichapishe kubwa, iwe ndiyo yako. Nikaja Gulwe. Wifi Penina, anayekaa na kaka pale kwako sasa, akanipokea vizuri, akanisongea ugali na mlenda, akanitolea shuka lilelile sandukuni. Asubuhi nikalifunga peke yangu. Lilininyima raha, mpira unateleza, mikono miwili haitoshi. Nikapiga.

Nikaishusha ile ya ukutani ili kubwa ipate nafasi, nikarudi Nkuhungu, nikakaa kuunganisha mwanga mpya na wa zamani. Haukukubali.

Mama, wiki nzima nzima! Rangi za huku na za huku zinakataana. Picha ya zamani ina wekundu wetu ule, mpya ina wekundu mwepesi unaoelekea pinki, na kile kipande cha kijivu si kijivu tena. Nikailaumu kamera. Nikalaumu mwezi. Nikalaumu moshi wa watu wanaochoma mashamba. Nikafuta programu nikaiweka upya. Kazini nikawa natazama hesabu za idara naziona kama nyota, bosi akaniuliza kama naumwa, nikamwambia naumwa rangi, akaniacha. Nikala nimesimama. Nikalala na kuamka kuangalia kama kompyuta imebadilisha mawazo.

Jumamosi moja, kwa kukata tamaa tu, nikafungua zile picha tupu, za shuka, nikaziweka mbili pamoja. Mtu huwa hazitazami hizo. Kuna nini cha kutazama? Ya mwaka huu ilikuwa nyeupe. Ya zamani, iliyo kando yake, ilikuwa na ubuluu mwembamba, umeenea sawasawa kutoka kona hadi kona.

Nikampigia Penina.

"Wifi, lile shuka la mama mlilifuaje baada ya msiba?"

"Ee! Kwani limechanika?"

"Halijachanika. Nauliza mlifuaje."

"Kwa sabuni tu wifi, nikasuuza, nikaanika."

"Bluu hukutia?"

"Bluu nani anatia siku hizi? Bluu ilikuwa mambo ya mama. Mimi nikitia nguo inashika madoa."

Nikakata simu bila kuaga, naye alinipigia baadaye kunilaumu, na ana haki.

Umeelewa, mama? Ngoja nikueleze kama nilivyokueleza dirisha. Kompyuta ilipotazama shuka lako iliona bluu. Haikujua habari za mabeseni. Ikadhani ni kioo changu kinachozidisha bluu, kwa hiyo kila ilipokutana na bluu angani ikaipunguza, ili kusawazisha. Bluu ikipungua, nyekundu inabaki juu. Ule udongo wa kwetu huko mbinguni, ule uliousimamia na birika mkononi, ulitoka kwenye beseni lako. Picha ilitiwa kitu. Uliitia wewe.

Nilicheka kwanza. Nilicheka peke yangu humu ndani mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaja kwenye kazi yenyewe, ya kurekebisha, na kicheko kikanikauka. Maana nilijua la kufanya. Tofauti ya shuka la zamani na jipya ninayo, ni hesabu ya kuitoa tu. Nibonyeze, na bluu yako itatoka kwenye picha zote tulizopiga pamoja. Mkono wako ulivyokoroga yale maji, ulivyotazama, ulivyoongeza kidogo, umebaki mle tu. Nguo zako tumezigawa. Kitanda analala mtoto wa kaka. Sauti yako sikuirekodi. Na mimi nakaa hapa natafuta namna ya kukuondoa kwa usahihi.

Nilikasirika, mama. Nilikukasirikia wewe na sheria yako, maana bila hiyo ningeiacha nyekundu na nisingeulizwa na mtu.

Nikabonyeza.

Kile kipande cha kijivu kikafunguka. Pale ambapo miaka yote hapakuwa na la kusema pakaja bluu, mama, laini, imekaa kando ya wekundu bila kugombana nao. Ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, lina bluu kwa asili yake, na lilikuwa hivyo siku zote. Ilibidi niitoe bluu yako kwenye shuka ndipo ile ya juu ionekane. Niliweka mikono kichwani nikalia kwa sauti, na jirani hakugonga.

Nikachapisha zote mbili. Ndizo hizi kwenye kanga.

Tangu hapo sina amani. Nikisema nitundike nyekundu, ndiyo uliyoipenda, ndiyo uliyosimama kuitetea, na sebule ni yako. Nikisema nitundike hii nyingine, nitakuwa nimekuumbua mbele ya wenzako nawe huna mdomo wa kujibu. Nilidhani pia nitaponyoka, nitie bluu mwenyewe, nipige upya, angalau mwanga wa mwaka huu ufanane na wako. Nikazunguka soko la Majengo, maduka matatu ya kwanza wakanishangaa, mzee mmoja akanitolea vidonge vyenye vumbi. Nikaweka beseni uani, nikakoroga, nikatazama maji kama ulivyokuwa ukitazama. Hayakuniambia kitu. Shuka langu limetoka na mabaka.

Na asubuhi hii amenipigia Mama Yoeli, na salamu yake ya kikwetu.

"Mbukwa, mwanangu. Kesho unakuja?"

"Nakuja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ile picha mama yako aliyoiapia, kaka yako anasema umeishusha. Uirudishe. Nataka niitazame tena vizuri. Siku ile nilinyamaza kwa ajili ya amani, lakini sikuamini, na limenikaa rohoni kwamba rafiki yangu amekufa mimi simwamini."

Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kunywa chai. Kwa sababu Mama Yoeli alikuwa na haki, nawe ulikuwa na haki, na mwenye kujua hivyo ni mimi peke yangu.

Nimeifungua kanga sasa hivi, nimeziegemeza ukutani. Nimezitazama nikimkumbuka yule bibi harusi mwenye mashavu pinki aliyefichwa nyuma ya kabati. Ungekubali ukutani kwako kitu kilichopakwa, hata kama brashi ulishika wewe bila kujua? Ungekishusha mwenyewe. Ungeita akina mama wote, ungesema, jamani, ile bluu yangu, na ungecheka kuliko sisi. Nilikuwa nahangaika kukulinda dhidi ya jambo ambalo ungelikimbilia.

Kwa hiyo kesho natundika hii yenye bluu. Nitamweleza Mama Yoeli yote, beseni, shuka la askofu, kishikwambi, na nitamwambia rafiki yake hakusema uongo hata neno moja, alikuwa hajui tu kwamba weupe wake una rangi. Ile nyekundu itabaki hapa kwangu, chumbani. Wageni hawaingii huko. Na zile picha tupu za shuka lako sitazifuta kamwe. Umo mle kutoka kona hadi kona.

Limebaki neno moja, na hili ni letu wawili. Uliahidi, mama, mbele ya mashahidi, kwamba atakayekuonyesha kilichotiwa utamfulia mashuka. Nimekionyesha mimi. Shuka langu liko pale uani kwenye kamba, lina mabaka ya bluu kila mahali, nimelisuuza weee hayatoki, na sina wa kumpelekea.

Pumzika. Kesho shikamoo yako naileta kaburini kwa mdomo wangu.

Kitindamimba wako,
Debora